KUICHAGULIA KOMPYUTA SURA

Watu wengi wanapoitazama kompyuta huamini kwamba kile wanachokiona kwenye kioo ndicho kompyuta yenyewe. Picha ya nyuma, orodha za kubonyeza, mstari wa chini wenye saa, madirisha yanayofunguka na kufungwa: yote hayo huchukuliwa kuwa sehemu ya mashine isiyoweza kutenganishwa nayo, kama ngozi isivyotenganishwa na mnyama aliye hai. Imani hiyo si sahihi. Sura ya kompyuta ni programu kama programu nyingine. Yaweza kuondolewa, ikawekwa nyingine mahali pake, na mashine ikaendelea na kazi zake, pengine kwa wepesi kuliko awali.

Katika ofisi yenye fedha ya kununua mashine mpya kila baada ya miaka michache, jambo hili ni la kupendeza tu. Katika sehemu kama Nyakahanga lina uzito mwingine. Nyakahanga ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, jirani na Omurushaka na Kayanga, mji uliko makao makuu ya wilaya. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Hapo ipo hospitali teule ya wilaya, iliyo chini ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Penye hospitali na shule pana daftari za wagonjwa, orodha za dawa, mitihani ya kuchapa na hesabu za kufunga kila mwezi. Nazo ni kazi ambazo kompyuta huzifanya vizuri. Lakini kompyuta nyingi zifikazo vijijini mwetu si mpya. Ni mashine zilizokwisha kutumiwa mahali pengine miaka mitano, kumi au zaidi, kisha zikauzwa kwa bei nafuu au kutolewa msaada.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo wake wa Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Mfumo uliorithi nafasi yake, Windows 11, hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo maelfu ya kompyuta zilizo nzima kimwili zimejikuta zikihesabiwa kuwa chakavu. Mwenye mashine kama hiyo ana njia tatu: kuitupa, kuendelea kuitumia bila kinga dhidi ya wavamizi, au kuiwekea mfumo mwingine wenye sura inayolingana na nguvu zake. Makala haya yanahusu njia hiyo ya tatu.

MFUMO NA SURA YAKE

Ndani ya kompyuta kuna ngazi kadhaa za programu. Ya chini kabisa ni kiini cha mfumo endeshi, ambacho hugawa kumbukumbu, husoma diski na huamua ni programu ipi itumie kichakato kwa wakati gani. Kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ni mfano mmojawapo. Hutolewa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kukisoma, kukirekebisha na kukigawa.

Juu ya kiini hicho huja programu ya kuchora kwenye kioo. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na mfumo uitwao X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Waasisi wake walifanya uamuzi mmoja wa busara, nao ndio mzizi wa habari hii yote. Waliamua kwamba X itatoa uwezo wa kuchora madirisha, lakini haitaamua madirisha hayo yawe na umbo gani, yapangwe vipi wala yafungwe kwa kitufe kipi. Kazi hiyo waliiachia programu nyingine iitwayo msimamizi wa madirisha. Kwa uamuzi huo, sura ya kompyuta ilitenganishwa na kompyuta.

Msimamizi wa madirisha peke yake hufanya mambo machache: huweka ukingo wa dirisha, hulisogeza, hulikuza na kulificha. Pale programu hiyo inapounganishwa na nyingine za kuonyesha mafaili, kubadili sauti, kuunganisha mtandao na kuweka orodha ya programu, mkusanyiko huo wote huitwa eneokazi. Tofauti yake ni ile iliyopo kati ya jiko la mafiga matatu na jiko la nyumba kubwa lenye kabati na sinki. Vyote viwili hupika. Kimoja hudai nafasi na gharama kubwa kuliko kingine.

FAMILIA ZA MAENEOKAZI

Mwaka 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Kijerumani, alitangaza nia ya kutengeneza eneokazi kamili, likaitwa KDE. Mwaka uliofuata Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, walianzisha jingine, GNOME. Hayo ndiyo maeneokazi makubwa. Yana mapambo na huduma nyingi, lakini hupenda mashine yenye kumbukumbu ya kutosha. Mwaka 1996 pia Olivier Fourdan alianzisha Xfce, eneokazi la wastani. Mwaka 2006 Hong Jen Yee wa Taiwan alianzisha LXDE, lililokusudiwa mashine dhaifu, na mrithi wake ni LXQt. Chini zaidi wapo wasimamizi wa madirisha wasio na eneokazi, kama vile IceWM, Openbox na i3.

Wingi huo haukuletwa na ushindani wa fahari tu. Mwaka 2011 watengenezaji wa GNOME walitoa toleo la tatu lililobadili kabisa namna ya kazi: orodha iliyozoeleka iliondoka na mpangilio wa madirisha ukageuka. Watumiaji wengi hawakuridhika. Kwa kuwa programu ilikuwa huru, hawakuishia kulalamika. Baadhi yao walichukua toleo la zamani wakalitunza kwa jina la MATE, na wengine wakajenga eneokazi jipya, Cinnamon. Mwalimu aliyeandika maelezo ya somo kwa kufuata sura ya zamani aliweza kuendelea kuyatumia. Aliyefungwa na sura ya mtengenezaji mmoja asiye na mbadala hana hiari hiyo. Siku sura ikibadilika, maelezo yake yote hayana budi kuandikwa upya.

MEZA NA GHALA

Kwa nini sura nzito huichosha mashine? Jibu limo katika kumbukumbu. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo ni kama meza ya karani: kila kilicho juu yake hufikiwa mara moja. Pa pili ni diski, ambayo ni kama ghala. Meza ikijaa, mfumo endeshi hulazimika kuhamisha baadhi ya vitu kwenda ghalani na kuvirudisha vinapohitajika.

Tatizo ni umbali wa ghala hilo. Kumbukumbu ya muda hujibu kwa takriban sehemu 100 za bilioni ya sekunde. Diski ya kuzunguka hujibu kwa takriban sehemu 10 za elfu ya sekunde. Hiyo ni tofauti ya mara 100,000. Kama kunyoosha mkono mezani kungechukua sekunde moja, safari moja ya ghalani ingechukua zaidi ya saa 27. Ndiyo sababu kompyuta iliyojaa haipungui mwendo kidogo kidogo, bali hukwama ghafla, taa ya diski ikiwakawaka, na mtumiaji akidhani imeharibika.

Sasa mashine yenye gigabaiti 2 na ipimwe. Kwa makadirio, eneokazi kubwa kama GNOME laweza kuchukua karibu nusu ya meza hiyo kabla programu yoyote haijafunguliwa. Xfce au LXQt huchukua kati ya robo na theluthi hivi. IceWM katika mfumo uliopunguzwa vizuri yaweza kuridhika na sehemu moja ya kumi. Tofauti hiyo ndiyo nafasi anayoachiwa mtumiaji kwa kazi yake.

Hata hivyo, hapa ndipo wengi hukosea. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni mlaji mkubwa kuliko eneokazi lolote. Ukurasa mmoja uliojaa picha na matangazo waweza kula megabaiti mia kadhaa. Na kazi nyingi za siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoutumia, hufunguliwa kwa njia hiyo. Hivyo aliyechagua msimamizi mwepesi wa madirisha na kisha kufungua kurasa ishirini kwa pamoja amefanana na mtu aliyepunguza uzito wa kapu kisha akalijaza mawe. Sura nyepesi hununua nafasi. Haifundishi namna ya kuitumia.

UMEME NA HESABU ZAKE

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, na shule nyingi za vijijini zilitegemea jua au jenereta. Mwenye kutegemea betri hana budi kujua hesabu. Betri ya volti 12 yenye ujazo wa saa-ampea 100 huhifadhi nishati ya saa-wati 1,200. Ikiwa ni ya asidi, busara ni kutumia nusu yake tu ili isife mapema, yaani saa-wati 600. Kompyuta ya mezani ya kale inayokula wati 120 pamoja na kioo chake itaimaliza nusu hiyo kwa saa 5. Kompyuta ya mkononi inayokula wati 30 itafanya kazi saa 20. Hesabu hizi hazijajumlisha nishati inayopotea ndani ya inveta.

Kubadili eneokazi hakuwezi kuligeuza dubwana la wati 120 kuwa mashine ya wati 30. Kwa hiyo si kila kompyuta ya kale inastahili kufufuliwa. Nyingine hula umeme wenye thamani kubwa kuliko kazi yake. Faida ya sura nyepesi katika jambo hili ni ya pembeni lakini ni ya kweli: huiwezesha mashine ndogo, isiyokula umeme mwingi, kutosheleza kazi.

Mfano mzuri umeonekana nchini. Katika miaka ya 2010 baadhi ya shule za sekondari za wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, zilipata kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, kwa msaada wa shirika la Powering Potential. Raspberry Pi ilitoka mwaka 2012 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu, ikala umeme usiofika wati 5 bila kioo. Eneokazi lililoiwezesha kutumika ni LXDE. Vitabu na masomo yaliwekwa ndani ya mashine zenyewe, na hivyo wanafunzi hawakulazimika kuungoja mtandao. Hapo mambo matatu yalipatana: mashine ndogo, sura nyepesi na maarifa yaliyo karibu.

LUGHA YA MADIRISHA

Sura ya kompyuta si umbo tu. Ni lugha pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi ulioelekeza kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu ya asili ilikuwa huru: watafsiri hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kiwanda, bali walichukua orodha ya maneno wakaanza kazi. Ilidhihirika kwamba Kiswahili kinaweza kubeba elimu ya mashine kama kinavyobeba sheria na siasa.

Lakini kazi ya namna hiyo hudai kuendelezwa, kwa kuwa kila toleo jipya huja na maneno mapya. Tafsiri za Kiswahili katika maeneokazi mengi hazijakamilika, na mtumiaji huweza kukuta orodha moja yenye Kiswahili juu na Kiingereza chini. Anayechagua eneokazi kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza, au kwa wahudumu wasiozoea Kiingereza, afungue kwanza menyu zake zote na kuona zimetafsiriwa kwa kiasi gani. Menyu ya lugha moja inayoeleweka ni bora kuliko ya lugha mbili zinazogombana.

MCHAGUAJI NA MTUMIAJI

Wapo wataalamu wanaopenda wasimamizi wa madirisha kama i3 au dwm, ambao hupanga madirisha wenyewe bila kuyaacha yapandane, na huendeshwa kwa vitufe bila kipanya. Ni vyepesi mno na huharakisha kazi ya aliyevizoea. Lakini mgeni akikaa mbele yake huona kioo kitupu, asijue aanzie wapi. Kumpa karani wa mapokezi ya hospitali sura ya namna hiyo ni kumwongezea kazi, sio kumpunguzia.

Hatari kubwa zaidi ni ya uhamisho. Watumishi wa umma huhamishwa. Kijana mmoja hodari aweza kuziandaa kompyuta zote za shule kwa ustadi, kila moja kwa namna yake, kisha akahamia wilaya nyingine na kuacha mashine ambazo hakuna anayezielewa. Mashine hizo hufa zikiwa nzima. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mahali pa umma ni kuwa sura iwe moja kwa mashine zote, iwe inayofanana na ile watu waliyokwisha kuizoea, na namna ilivyowekwa iandikwe katika daftari linalobaki ofisini.

Mkulima wa Karagwe analielewa jambo hili katika shamba lake. Hamuulizi jirani ni mgomba upi ulio bora kuliko yote, kwa sababu swali hilo halina jibu. Huuliza ni wa kazi gani: upo wa ndizi za kupika, wa rubisi, wa kuchoma na wa kuiva. Kila mmoja ni bora mahali pake. Maeneokazi nayo ni hivyo.

NAMNA YA KUPIMA KABLA YA KUAMUA

Uamuzi mzuri hutokana na kipimo, si uvumi. Kwanza, mafaili yote muhimu yanakiliwe na nakala ihifadhiwe nje ya mashine. Pasipo hatua hii hatua nyingine zote ni kamari. Pili, iorodheshwe kila programu na kila printa inayotumiwa. Zipo programu za hesabu zinazofanya kazi katika Windows pekee, na kama kazi ya ofisi inategemea moja ya hizo, ni bora kufahamu mapema.

Tatu, ichunguzwe aina ya kichakato. Mashine za kale sana ni za biti 32, na mifumo mingi ya Linux imekwisha kuziacha. Debian, iliyozihudumia kwa muda mrefu, haikutoa tena kisakinishi chake kwa ajili yake katika toleo la 13 la mwaka 2025. Nne, mfumo ujaribiwe kutoka katika flashi bila kugusa diski, jambo ambalo mifumo mingi ya Linux huliruhusu. Kwa kuwa mafaili ya mfumo ni makubwa na vifurushi vya intaneti ni ghali, yapakuliwe mara moja mjini na flashi hiyo ihudumie mashine zote.

Tano, kipimo chenyewe. Saa ishikwe tangu mashine inapowashwa hadi inapokuwa tayari. Kisha ziandikwe kumbukumbu zilizotumika kwa kuandika amri ya free -h. Hatimaye zifunguliwe kwa pamoja programu zile zile zitumikazo kwenye kazi ya kila siku, na kumbukumbu zisomwe tena. Tarakimu za mwisho ndizo zenye maana. Katika mfumo mmoja yaweza kuwekwa maeneokazi mawili au matatu, na mtumiaji akachagua mojawapo kila anapoingia. Kwa hiyo jaribio la wiki moja kwa kila sura haliharibu chochote.

Kwa mwongozo wa jumla, mashine yenye gigabaiti 4 au zaidi yaweza kubeba eneokazi lolote, ingawa jepesi litaipa nafasi zaidi. Yenye gigabaiti 2 inafaa Xfce, MATE au LXQt. Yenye gigabaiti 1 ipewe IceWM au Openbox na kazi za kuandika na kusoma, isitegemewe kwa intaneti nzito.

Ni vema pia kujua kwamba mambo yanabadilika. Mfumo wa X unaachia nafasi yake kwa mpango mpya uitwao Wayland, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Humo mchoraji wa kioo na msimamizi wa madirisha vimeunganishwa kuwa programu moja. Uhuru wa kuchagua sura haujaondoka, lakini kubadili kipande kimoja na kuacha kingine si rahisi kama zamani.

Tanzania imekwisha kulipia funzo kuhusu mashine zinazonunuliwa bila maarifa ya kuziendesha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya zile zilizowekwa kwa ajili ya hesabu zake kuleta hasara badala ya nafuu. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, lakini sababu yake ingali hai popote ambapo mashine hupokelewa kwa furaha na kuachwa kwa mshangao. Kompyuta ya miaka kumi iliyomo kabatini katika shule ya Nyakahanga haihitaji huruma. Inahitaji mtu wa kuipima, kuichagulia sura inayoiweza, na kuandika alivyofanya ili anayemfuata asianze upya.